Ng'ombe Watano wa Sola

Dar es Salaam, 12 Mei 2002
Ni miezi tisa na siku tano tangu niondoke Kasoli.

Mama Jenifer,

Barua yako imenifikia juzi na nimeisoma mara tatu. Kwamba baba ameanguka kwenye shamba la pamba, upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda pembeni na maneno hayatoki. Sikujua la kufanya. Nikaenda kazini, kwa sababu miguu imezoea.

Kazi ya kuchimba mitaro imekwisha. Sasa nabeba mizigo katika jengo la ghorofa nne. Lifti haijafungwa, kwa hiyo lifti ni sisi. Betri moja ina uzito wa nusu gunia, na zinakwenda ghorofa ya tatu. Nina miaka thelathini na sita lakini mgongo ni wa mzee. Nakwambia ili ujue sikai mjini nikinywa soda.

Lakini kuna kitu nimekiona huku. Huko ghorofa ya tatu kuna chumba kisicho na dirisha. Ndani kuna baridi kama asubuhi ya mwezi wa saba kwetu, wakati Dar nzima inatoka jasho. Kuna makabati marefu ya chuma, na ndani yake kompyuta zisizo na kioo, zimelazwa moja juu ya nyingine. Taa ndogo za kijani zinawaka na kuzima, nyingi, bila mtu wa kuzigusa. Sauti yake ni ya nyuki. Niliingia na betri begani, nikasimama, nikavua kofia. Mpaka leo sijui kwa nini nilivua kofia.

Mkubwa wa chumba kile ni injinia, anaitwa Eufrasia. Nikamwuliza mashine hizi zinafanya nini, maana mtu huwezi kubeba kitu mwezi mzima usijue ni nini. Akasema zinakumbuka. Wenye mabasi wamemwomba atengeneze mpango ambao mtu akiwa Mwanza, Dodoma au hapa, akikaa mbele ya kompyuta yenye intaneti, anachagua kiti chake ndani ya basi, na palepale miji yote inajua kiti kile kina mwenyewe. Nikamwambia hata konda anajua hilo, ana daftari. Akasema sawa, konda mmoja ana daftari moja. Sasa weka makonda mia katika miji mitatu, kila mmoja na daftari lake, na wote waandike kiti kilekile kwa dakika moja. Kiti ni cha nani? Nimelala nalo swali hilo siku nne.

Sasa tuje kwa ng'ombe wa baba. Wanne wako kwa Salu, Zagayu. Wengine wako kwa Constantine, Sola, na hao sijui ni wangapi. Unajua baba anavyofanya kama baba yake alivyofanya: ng'ombe hawakai zizi moja, wanawekwa kwa marafiki, wao wakamue na kutunza, ili ugonjwa au wezi wakipita kwetu wasitumalize. Lakini hakuandika popote. Yote yako kichwani mwake, na sasa kichwa kimefunga mlango. Nenda Sola ukamwulize Constantine. Nenda na Marcelo, mdogo wangu. Uliza kwa heshima.

Mumeo,
Masele Masunga

*

Kasoli, 3 Juni 2002

Baba Jenifer,

Mwangaluka. Watoto wazima. Mektilda ameota jino la mbele. Baba anakula uji, ananitazama, anataka kusema kitu, kinatoka kama kikohozi. Halafu analia. Sijawahi kumwona mzee huyu akilia.

Pamba tumeivuna. Siku hizi wanunuzi ni wengi kuliko wakulima, kila mmoja anakuja na mzani wake, na mizani yote inadanganya.

Sola tulikwenda, mimi na Marcelo. Constantine ametupokea vizuri sana, akachinja kuku. Baada ya kula nikauliza. Akasema ng'ombe wa mzee walioko kwake ni wawili. Mume wangu, walikuwa watano. Niliwahesabu mwenyewe wakitoka hapa kwetu, mwaka wa mvua zile za El Nino. Nikamwambia hivyo. Hakubisha. Alisema, "Mke wa Masele, walikuja watano, na leo wako wawili. Zaidi ya hapo maneno si yangu peke yangu."

Nikamwuliza ngozi ziko wapi. Ng'ombe wa kuwekewa akifa, aliyewekewa analeta ngozi, hata mtoto anajua. Akasema hakufa ng'ombe. Nikauliza kama wameibwa. Akasema hakuibwa ng'ombe. Akanifungia mahindi ya kuchoma njiani, nikarudi nayo.

Niambie nifanye nini. Baba akiondoka bila kusema, hao watatu watazikwa naye. Hawa ndio maziwa ya wanao na ndio jembe letu. Mimi peke yangu siwezi kuwapigania mbele ya wanaume.

Mkeo,
Nyanjige

*

Dar es Salaam, 15 Juni 2002

Mama Jenifer,

Nimesoma. Mtu anayesema hawakufa, hawakuibwa, na hawapo, huyo ni mwizi aliyekosa hata uongo wa kusema.

Sasa sikia. Kusanya ng'ombe wote. Wawili wa Sola, na wanne wa Salu pia, maana kama Constantine kabadilika hata Salu atabadilika. Marcelo awafuate na barua hii mkononi awaoneshe. Walale zizini kwetu uwaone kwa macho yako kila jioni. Kitu unachokiona ndicho chako.

Naitia posta leo, itafika kwa sanduku la parokia.

Masele

*

Dar es Salaam, 19 Juni 2002

Mpendwa Mama Jenifer,

Ile barua yangu ya tarehe kumi na tano usiifuate. Ng'ombe wasiletwe nyumbani. Wakae walipo. Hii nampa dereva wa lori lililoleta marobota ya pamba, anarudi Bariadi kesho, ili iiwahi ile ya posta.

Nimebadilika kwa sababu ya jambo la jana. Injinia Eufrasia alikuwa anajaribu mpango wake. Kuna mashine tatu zinazokumbuka: moja hapa, moja Dodoma, moja Mwanza. Kila kiti kinachochukuliwa kinaandikwa kwa zote tatu, na zikikubaliana mbili, neno limekuwa kweli, hata ya tatu ikiwa imelala. Akaniita mimi, mbeba betri. Akasema, "Masele, chomoa waya ule." Nikauliza upi. Akasema ule mnene, wa mashine yetu. Nikakataa. Nilibeba vitu vile kwa mgongo wangu, nitaviuaje? Akasema chomoa, kama mpango wangu ni mbovu ni heri nijue leo. Nikachomoa. Taa za kijani zikazima zote, na nyuki wakanyamaza. 

Halafu akanionesha kioo kwenye meza yake. Mtu wa Mwanza alikuwa anachukua kiti, na akakipata. Hakujua kwamba huku kumekufa. Viti vyote vilikuwepo na wenyewe, hakikupotea hata kimoja. Nilikaa chini sakafuni. Tuliporudisha waya, mashine yetu ikaamka, ikawauliza wenzake yaliyopita ilipokuwa imelala, ikaambiwa, ikaendelea.

Nikamweleza habari za ng'ombe wetu na agizo nililokutumia. Akasema nimefanya kosa ambalo yeye analipiga vita kila siku: kuogopa, kisha kukusanya vyote mahali pamoja ili uvione. Ugonjwa wa ndigana ukiingia kwetu, utawamaliza kwa wiki moja. Akaniuliza pia: baba alipompa mtu ng'ombe, nani mwingine alikuwepo? Hilo sijui. Ulizia.

Mume wako,
Masele

*

Kasoli, 22 Julai 2002

Baba Jenifer,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisome ukiwa umekaa.

Zimefika barua mbili. Iliyotangulia ni ya lori. Nimesoma mpaka la saba, mwandiko wa mwanamke naujua, na ule ni mwandiko wa mwanamke tena aliyesoma. "Mpendwa." Lini umeniita mpendwa? Barua nzima Eufrasia, Eufrasia. Eufrasia anasema ng'ombe wa mume wangu wasiletwe kwangu. Eufrasia anauliza habari za mkwe wangu. Baada ya siku tisa ikafika ya posta, mwandiko wako mwenyewe, herufi zako kama kuku amepita. Inasema walete. Ungekuwa mimi ungefuata ipi? Tarehe nilizitazama, lakini nikasema mwanamke huyu amejua barua ya mume wangu inakuja, akaikimbilia mbele aikate. Hata tarehe anaweza kuandika atakavyo.

Nikafuata mwandiko wako. Marcelo alikwenda Zagayu na barua mkononi, akamsomea Salu mbele ya wanawe. Mzee yule alifungua zizi mwenyewe, akawatoa wanne, akawapapasa mmoja mmoja mgongoni. Akasema tu, "Mwambie Masele nimesikia." Wajukuu zake walikuwa wamekaa na vibuyu wakingoja kukamuliwa maziwa.

Ng'ombe walipoingia hapa, baba aliwaona kutoka kitandani kwake nje. Nilidhani atafurahi. Alipiga ardhi na mkono mzima mpaka ukachubuka.

Sola Marcelo hakufika. Constantine mwenyewe alisikia, akaja hapa siku ya pili kwa baiskeli. Alivua kofia kwa baba, kisha akanigeukia. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mmefanya nini? Salu ndiye shahidi wa ng'ombe walioko kwangu. Mimi ni shahidi wa walioko kwake. Mzee alitupanga hivyo, kila ng'ombe anajulikana na watu watatu. Mzee amenyamaza. Salu mmemwita mwizi. Nimebaki mimi, na mimi nikisema peke yangu ni mtu anayejitetea."

Nilikwenda Zagayu kwa miguu yangu. Salu alinipa kigoda na maji. Nilipotaja Sola, akasema yeye siku hizi hana habari za ng'ombe wa Masunga, alinyang'anywa.

Kwa hiyo mlango wa pili nao tumeufunga kwa mikono yetu. Wale watatu hawajulikani walipo. Na mimi sijui hata ninayemwandikia ni nani.

Nyanjige

*

Dar es Salaam, 4 Agosti 2002

Mama Jenifer,

Unaona herufi hizi zinavyolewa. Naandika kwa mkono wa kushoto. Tarehe kumi na saba ya mwezi ule wa sita betri iliniponyoka kwenye ngazi, ikanibana mkono wa kulia ukutani. Vidole viwili vimevunjika, na cha kati baadaye wamekikata. Sikutaka ujue, una mgonjwa mmoja tayari. Nikamwomba injinia aniandikie. Nikasema maneno yangu, yeye akayanyoosha, na hilo la mpendwa ni lake, hakuomba ruhusa. Kosa lote limetoka kwangu. Ningeandika mstari mmoja kwamba mkono wangu umeumia, Salu angekuwa na ng'ombe wake mpaka leo.

Barua yako nilimsomea. Alicheka kuhusu kuku aliyepita. Nilipofika kwa Constantine akaacha kucheka. Akachukua boksi la betri, akachora miduara mitatu, Kasoli, Sola, Zagayu, akavuta mishale kutoka kila mmoja kwenda kwa mwenzake. Akauliza baba amesoma wapi. Nikamwambia hajui hata kuandika jina. Akasema yeye amesoma ng'ambo miaka mitano, na mpango huu wa kila mtunzaji kuwa shahidi wa mwenzake ulimchukua miaka miwili kuupata. Boksi lile amelibandika ukutani, ndani ya kile chumba cha baridi.

Mama Jenifer, nimeishi na baba miaka thelathini na sita. Nilidhani ni mzee anayependa kutembelea marafiki. Wewe nawe ulisema hivyo, kwamba kila kiangazi anapotea siku kumi. Alikuwa anazunguka kuhakikisha wote wanakumbuka kitu kimoja.

Injinia amenieleza na hili. Mashine iliyobaki peke yake, isiyowasikia wenzake, inanyamaza. Mtu atadhani imeharibika au inaficha. Inakataa kusema peke yake, kwa sababu neno la mmoja linaweza kuuza kiti kimoja mara mbili. Nimemwelewa Constantine. Nilimwita mwizi, kumbe alikuwa anatunza sheria.

Humu nimetia barua ya Salu. Mpelekee wewe mwenyewe. Rudisha ng'ombe wanne mbele yake, watembee mbele yako mchana watu wakiona, kama walivyotolewa mchana watu wakiona.

Masele

Mama Jenifer, mwenye mwandiko wa ile barua ya lori ni mimi. Nina miaka hamsini na nane na wajukuu saba, na mumeo namwita kijana wangu. Samahani kwa neno mpendwa, shuleni kwetu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua. Salamu nyingi kwa mzee. — Eufrasia

*

Dar es Salaam, 4 Agosti 2002

Baba yangu Salu,

Shikamoo.

Barua uliyosomewa na Marcelo niliiandika mimi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na hofu kwamba baba ataondoka na mali yetu, nikakupima wewe kwa hofu hiyo. Ulipokea ng'ombe wale wakiwa ndama. Nimekuaibisha mbele ya wajukuu wako.

Ng'ombe wako mbele yako. Na mtamba wangu mmoja mwekundu, niliyepewa na baba nilipooa, anakuja nao. Ni wako kwa kosa langu.

Sikuombi useme habari za Sola. Ukitaka kunyamaza, una haki. Nakuomba tu uende ukakae na baba. Hana wa kukaa naye anayemjua tangu ujana.

Mwanao,
Masele

*

Zagayu, 1 Septemba 2002

Masele, ng'wana Masunga,

Marahaba. Anayeandika ni mjukuu wangu Esteria. Mimi nasema, yeye anaandika, akitia chumvi ni yake.

Mke wako amefika hapa saa nne asubuhi akiswaga ng'ombe watano kama mwanamume, kanga imefungwa kiunoni, ameshona midomo. Watoto wa njia nzima wanamfuata. Nilipanga kumweka juani mpaka jioni. Nikamwonea huruma. Nikafungua zizi.

Mtamba nimemkataa. Mtu hatozi faini ya ng'ombe kwa ujinga, ujinga ni mwingi mno, ng'ombe hawatatosha. Nimechukua beberu wenu mmoja, nimemla na Constantine. Alikuwa mgumu kama mwenye barua.

Kisha tulikwenda kwa baba yako, mimi na Constantine. Tulikaa naye siku mbili. Ananisikia. Nikamwambia, rafiki yangu, mdomo wako umefungwa, tumebaki midomo miwili, tuseme? Akanishika kidole akakibana. Basi tulimwita mke wako akae, na Marcelo, tukasema wote wawili, mmoja akitangulia na mwenzake akiitikia. Nawe nakwambia.

Sola walikwenda watano. Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka, baba yako alitutembelea, akawatoa watatu, majike watupu. Tuliwaswaga sisi watatu mpaka Nkololo, kwa Generoza, mama mkwe wako. Baba yako alisema hivi, na Constantine ni shahidi: "Masele akirudi, ni wao wote wawili, yeye na Nyanjige. Asiporudi, mwanamke huyu asiombe maziwa kwa mtu." Akatufunga tusiseme mpaka aseme yeye, au tuseme sisi wawili pamoja. Hakutaka ujue, usije ukadhani amekata tamaa nawe. Hakutaka mkeo ajue, asije akadhani hurudi.

Sasa ni watano tena, wawili wamezaa. Mke wako Krismasi alikunywa maziwa yao kwa mama yake, akasifu, akauliza ni ng'ombe wa nani. Mama yake alimwambia ni wa jirani.

Mke wako alipoyasikia maneno yetu aliingia ndani akakaa sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akampa baba yako uji.

Salu

*

Dar es Salaam, 15 Septemba 2002

Mama Jenifer,

Salu ameniandikia. Nimesoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na wenzangu wakanipita na mizigo bila kunisemesha.

Neno lile la asiporudi lilinichoma. Siku mbili nilikuwa nalo kama mfupa wa samaki. Nilijiuliza baba aliona nini machoni mwangu siku ile naondoka. Kisha nikaingia kwenye kile chumba kupeleka betri mbili za mwisho, nikasimama mbele ya makabati. Injinia alikuwepo. Nikamwuliza, mtu anayepanga mashine tatu, je, anakuwa hazipendi, kwa kuwa anajua moja itakufa? Akasema, "Anawapenda watu wanaozitegemea."

Nimeikubali. Baba alinijua mimi ni mtu wa kubeba mizigo kwenye ngazi zisizo na mwisho, na mtu kama huyo anaweza kuzimika. Hakunilaani wala hakuniombea kwa sauti. Aliinuka na umri wake, akaswaga ng'ombe watatu mpaka Nkololo, akarudi, akaendelea kupalilia pamba. Kila siku napandisha ngazi kutazama taa za kijani nikishangaa akili za watu wa ng'ambo, na mtu wa kushangaza nimemwacha kwenye kitanda cha kamba, akipiga ardhi ili tumsikie, na sisi hatukumsikia.

Hao watano wa Nkololo ni wako. Hata nikirudi ni wako. Nimewaandikia hivyo Salu na Constantine, na mama yako umsomee barua hii, ili wawe watatu wanaojua.

Mkono umefunga kidonda. Kushika jembe nitaweza, kukamua nitajifunza upya. Kazi hapa inaisha mwisho wa mwezi, injinia anataka nibaki kuwa mlinzi wa kile chumba. Nimemshukuru, nimekataa. Nimemwomba kitu kimoja, aniache niingie mara ya mwisho nikae dakika chache bila mzigo begani.

Baba mwambie taratibu, mwambie zaidi ya mara moja, na Marcelo naye amwambie. Nitapanda basi la Alhamisi. Nitafika Kasoli Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, kabla mvua za kulimia hazijaanza.

Mumeo,
Masele